Chumba Chenye Sakafu ya Saruji

Ghalani, 3 Februari

Mdogo wangu,

Kaa chini kwanza. Kama umesimama mbele ya darasa, wape watoto kazi ya kunakili, ukae. Umekaa? Haya. Shule yako imepata maktaba!

Usiniulize nimefanyaje. Wewe jua tu kwamba kaka yako, ambaye mlimcheka wote mliposikia ameenda mjini kubeba maboksi, ndiye aliyeisukuma shule yako mpaka ikaingia kwenye mpango. Huku vitabu vinaletwa kwa malori. Walio navyo vingi wanavitoa bure, sisi tunavichambua, tunavifuta vumbi, tunavifunga, halafu vinapelekwa kwenye shule zisizo na hata kimoja. Miaka yote hii nafunga maboksi ya shule za watu huku roho inaniuma. Safari hii nikasema, na kwetu je? Nikamwendea Mkuu wa Ghala, nikamwambia mdogo wangu ni mwalimu mkuu, mchapakazi, wanafunzi wake sita wanagombania kitabu kimoja kama kuku na mtama. Akacheka, akakubali. Maboksi arobaini, mama!

Ila kuna sharti. Wafadhili hawataki vitabu vyao viliwe na mchwa. Chumba cha maktaba lazima kiwe na sakafu ya saruji, dirisha la nondo na mlango wenye kufuli. Bila hivyo lori haliji. Nimekumbuka shule nzima mna chumba kimoja tu cha aina hiyo, kile cha darasa la kwanza. Basi hicho hicho. Wale wadogo wahamishie jengo la zamani, lile la udongo. Mimi na wewe si tulisomea humo? Tulikufa?

Mbusu mpwa wangu, Bibi Maswali. Mwambie mjomba bado anatafuta jibu la mbu hulala wapi mchana. Na Fundi, shemeji yangu, mwambie aanze kupima mbao za rafu.

Ni mimi kaka yako,
Mtu wa Maboksi


Shuleni, 14 Februari

Kaka,

Nilikaa kama ulivyoniamuru, halafu nikasimama, halafu nikapiga yowe. Mwalimu wa darasa la tano akaja mbio na fagio akidhani kuna nyoka ofisini. Mungu akuzidishie. Nimesoma barua yako mbele ya walimu wote, hata yule anayelalamika mwaka mzima leo amepiga makofi.

Sasa ngoja nikumwagie maji baridi kidogo. Jengo la zamani unalolikumbuka wewe silo la leo. Ukuta wa nyuma una ufa unaopitisha kiganja. Na usiniletee ile methali ya kuziba ufa, nimeifundisha mpaka imenichosha; hapa hatuna hata chaki. Jana Fundi alikwenda kuuangalia. Akaugonga gonga, akaweka sikio kama daktari, akachimba kidogo chini. Maji ya paa yameula msingi. Aliporudi aliniambia, "Mke wangu, mimi humo nisingefunga hata mbuzi." Unamjua, si mtu wa maneno mengi. Watoto wa darasa la kwanza ni hamsini na kitu, na mmoja wao ni wangu.

Tumefikiria hivi: vitabu vikae ofisini kwangu. Sakafu ni ya udongo, sawa, lakini Fundi atatengeneza rafu zenye miguu mirefu, kila mguu usimame ndani ya kopo la oili chafu. Mchwa hapandi hapo, Fundi amekwisha kufanya hivyo kwenye ghala la mahindi la jirani. Kufuli ninalo. Waulize wafadhili. Ukiwaeleza vizuri wataelewa, wewe mdomo si unao?

Nataka hivi vitabu, Kaka, usidhani naringa. Mpwa wako anasoma kila kinachoshikika. Juzi nilitaka kuwashia moto gazeti lililofungiwa sukari, akanishika mkono mpaka alimalize. Tulikula saa ambayo wenzetu wamekwisha kulala.

Waulize.

Dada yako


Ghalani, 26 Februari

Mdogo wangu,

Nimewauliza. Wamekataa kata kata.

Nimewaeleza habari ya makopo ya oili, wakanitazama tu. Hawa watu ukiwauliza mara ya pili wanakuona msumbufu. Kuna shule nyingine iko nyuma yenu kwenye foleni, mwalimu wake kila wiki yuko hapa getini na tabasamu. Lori linaondoka katikati ya Machi. Nikienda kumwambia Mkuu kwamba dada yangu wa damu amekataa vitabu kwa sababu ya ukuta, nitauficha wapi huu uso?

Fundi namheshimu, lakini nani amewahi kuona fundi akisifu ukuta ambao hakujenga yeye? Ndiyo riziki yao hiyo. Jengo limesimama tangu sisi hatujaota meno, lije lianguke mwaka huu? Na ni kwa muda tu. Wakiona maktaba safi, sakafu inang'aa, watoto wamekaa vizuri, watawajengea na darasa jipya. Nimeyaona kwa shule nyingine. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, mdogo wangu. Inama kidogo.

Nijibu upesi. Nikinyamaziwa nitajua umekubali.

Kaka yako


Shuleni, 21 Machi

Kaka,

Vimefika! Vimefika vyote, na dereva wako ametuachia na kamba.

Watoto walibeba maboksi kichwani kutoka barabarani wakiimba, wimbo wenyewe wameutunga hapo hapo, kila ubeti unaishia na jina la kitu walichokiona kwenye picha. Vingine vya ajabu kweli. Kuna kitabu kizima cha kufuga farasi, na kingine kinene cha sheria za kodi za nchi nisiyoijua; hicho mlinzi amekiomba aegemezee mlango. Lakini vya watoto ni vingi, vina rangi, vina harufu ya upya. Wazee waliokuja kuangalia walivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Nililia, nakwambia ukweli.

Darasa la kwanza tumewahamisha Jumatatu. Sikulala usiku wa kuamkia siku hiyo. Fundi ameukaza ule ukuta kwa magogo mawili, na mimi sikumuuliza kama yatatosha. Wiki ile yote nilikuwa nikijiambia sharti ni sharti, si mimi niliyeliweka. Wazazi nao nimewaambia hivyo hivyo kwenye mkutano: ni sharti la wafadhili. Mama mmoja, muuza nyanya, ana pacha wawili mle darasani, akasema basi kama ni sharti tutafanyaje.

Yule wangu nilitaka kumpandisha darasa la pili asiingie kule. Kusoma anaweza. Nikaona wazazi watasema mwalimu mkuu amemwokoa wake, akawaacha wetu. Kwa hiyo yuko na wenzake, amekaa dawati la nyuma kwa sababu ni mrefu.

Ameniuliza, "Mama, vitabu vitarudi kwao lini ili turudi darasani kwetu?" Nikamwambia vitabu vimekuja kukaa. Akafikiri, akasema, "Basi na sisi tukae navyo." Huyo ndiye mpwa wako.

Dada yako


Nyumbani, 6 Aprili

Shemeji,

Naandika mimi kwa sababu mwenzangu haandiki, wala haongei. Mwandiko wangu ni mbaya, utanisamehe.

Ijumaa mvua ilianza mapema kuliko miaka yote. Ilinyesha tangu alfajiri. Nilitoka nyumbani kwenda kuwaambia wasiingie mle. Nilipofika uwanjani nikausikia. Ukuta wa nyuma uliangukia ndani, magogo yangu nayo yakaangukia ndani. Tulichimba kwa mikono na kwa sahani za jikoni. Wengi tuliwatoa wazima, wengine wamevunjika. Wawili wamekufa. Mmoja ni pacha mmoja wa yule mama muuza nyanya. Wa pili ni mtoto wetu.

Tulimzika jana, Jumapili. Tusingeweza kukusubiri, uniwie radhi.

Sasa kuna hili la pili. Polisi wamekuja, na kamati ya elimu imekuja. Wanasema mwalimu mkuu alijua ufa na akawaingiza watoto. Wazazi wengine wanamtetea, wanasema lilikuwa sharti la wafadhili na bila hivyo shule ingenyimwa. Kamati imesema tulete hilo sharti kwa maandishi, lenye mhuri. Likiwepo, kesi ni ya hao wenye vitabu. Lisipokuwepo ni ya mke wangu peke yake, na ni kifungo. Tumepewa mpaka mwanzoni mwa Mei.

Tafuta hiyo karatasi uje nayo. Na mimi nimewaandikia wakubwa wako kwa anwani iliyo kwenye maboksi, ili wakiulizwa wasishangae.

Njoo, shemeji. Nyumba ni kubwa sana sasa.

Fundi


Ghalani, 8 Aprili

Mdogo wangu,

Kimya chako ni cha furaha, najua, umezama kwenye vitabu. Nami sina budi kukuchokoza.

Nimepandishwa cheo! Sasa ni msimamizi wa zamu, nina funguo zangu na kiti chenye magurudumu. Mkuu aliwakusanya wafanyakazi wote akasema shule niliyoileta ndiyo itakuwa shule ya mfano. Niliona aibu, halafu nikaipenda hiyo aibu.

Sasa sikiliza. Wanataka picha ya ufunguzi, ya kubandika kwenye ukuta wa mapokezi. Mweke Bibi Maswali mbele kabisa, sare ifuliwe, ashike kitabu wazi na atazame kitabu, asitazame kamera. Nimemnunulia utepe wa nywele, umo ndani ya bahasha hii. Ni wa kijani. Kama hapendi kijani mwambie mjomba hajui rangi, atamletea mwingine akija Mei.

Na lile la mbu nimelipata, nimelisoma kwenye kitabu kimoja hapa. Wanalala kwenye giza, nyuma ya nguo na chini ya vitanda. Nitamweleza mwenyewe, usinimalizie utamu.

Kaka yako, Msimamizi (usicheke)


Ghalani, 17 Aprili

Shemeji,

Barua yako nimeipata. Nimeisoma, nikaisoma tena. Mungu ampokee mtoto wetu. Mwambie dada yangu ninalia.

Kuhusu ile karatasi: wafadhili hawaandiki mambo kama hayo. Ni mambo ya mdomo, walituambia tu kwenye kikao, na waliokuwepo wengine wamekwisha kuhama. Kwa hiyo karatasi hakuna, lakini sharti lilikuwepo. Waambieni kamati hivyo. Msiwaandikie tena wakubwa wa huku, watawachanganya tu, wao mambo ya shule hawayajui, mimi ndiye niliyekuwa nayashughulikia.

Nilitaka kuja siku ile ile. Nimebanwa na kazi, cheo chenyewe bado kichanga, nikiondoka sasa wataweka mtu mwingine. Nitakuja mambo yakitulia. Nimemkabidhi dereva kidogo nilichonacho, kiwasaidie kwenye msiba.

Ile barua yangu ya tarehe nane, kama haijafika, ikifika usimpe dada. Ichome. Nakuomba.

Shemeji yako


Ofisi ya Mkuu wa Ghala
24 Aprili

Kwa Mwalimu Mkuu,

Pole sana, Mwalimu, wewe na mumeo na mzazi mwenzenu mliyefiwa naye. Nimepata barua ya mumeo. Nimeona nikujibu kwa mkono wangu badala ya kumwachia karani.

Mumeo ameomba nakala ya sharti letu kuhusu chumba. Nasikitika kwamba siwezi kuitoa, kwa sababu hatujawahi kuwa na sharti hilo. Shule nyingi tunazopelekea vitabu hazina chumba chochote cha ziada. Huwa tunawashauri waviweke ofisini kwenye rafu iliyoinuliwa, au kila mwalimu awe na sanduku darasani kwake. Njia ya makopo ya oili aliyoieleza mumeo tunaijua, tena ni nzuri. Hakuna aliyetuuliza habari zake.

Kaka yako alipotuletea maombi ya shule yako alitueleza kwamba mnacho chumba kizuri cha saruji kilicho wazi, hakitumiki. Ni kwa sababu ya chumba hicho tuliichagua iwe shule ya mfano, na ni kwa kazi hiyo tulimpandisha cheo. Niliandika hayo kwenye faili siku ile ile na nitayathibitisha popote nitakapoitwa. Bado sijazungumza naye. Nimeona wewe uwe wa kwanza kujua.

Vitabu mfanye mnavyoona vyema. Hatutavidai.

Mkuu wa Ghala


Nyumbani, 6 Mei

Kaka,

Barua yako kwa Fundi na barua ya Mkuu wako zilikuja na lori moja, mkononi mwa dereva mmoja. Ya tarehe nane ilitangulia. Fundi alikuwa nje, kwa hiyo hakuna aliyewahi kunifichia. Niliifungua nikaukuta utepe. Nilidhani ni wewe uliyerukwa na akili, kisha nikatazama tarehe.

Nilikaa na zile barua mbili za mwisho siku nzima. Nilikuwa nazisoma kwa zamu, yako, yake, yako, kama mtu anayesahihisha mtihani na kukuta wanafunzi wawili wana majibu tofauti. Jioni Fundi akaniuliza Mkuu anasemaje. Nikamsomea. Alikuwa anasugua mwiko wake wa kujengea. Nilipomaliza akauweka chini. Halafu akasema, "Chumba kilicho wazi," basi. Tangu siku hiyo jina lako halijatoka kinywani mwake.

Mkutano wa kamati ulikuwa juzi, pale pale shuleni, ndani ya kile chumba chako, kwa sababu ndicho chumba kizuri tulicho nacho. Wazazi walijaa mpaka madirishani. Mwenyekiti akauliza, sharti liko wapi? Kabla sijajibu, yule mama muuza nyanya akasimama. Pacha aliyebaki alikuwa mgongoni mwake, mtoto mkubwa vile, siku hizi hashuki. Akasema, "Mwacheni Mwalimu. Hata wake amekufa. Lilikuwa sharti, angefanya nini? Kama lisingekuwa sharti, mimi mwenyewe ningemkaba shingo." Watu wakaitikia, ndiyo, lilikuwa sharti.

Kaka, mlango ulikuwa wazi kabisa. Barua yako ilikuwa kwenye mkoba wangu, inasema sharti ni la mdomo. Ningeitoa hiyo moja nikaiacha nyingine mkobani. Wewe ungebaki na kiti chako, mimi ningebaki na shule yangu, na yule mama angebaki na mtu wa mbali wa kumlaani. Nilishika mkoba nikaona vidole vyangu vinachagua. Nimeogopa mambo mengi maishani, lakini sijawahi kuviogopa vidole vyangu kama siku ile.

Nikazitoa zote. Nikaanza na yako ya Februari mpaka ya Aprili, halafu ya Mkuu. Nilisoma kwa sauti ile ninayosomea imla. Utepe sikuutoa, huo ni wangu.

Yule mama alikuwa bado amesimama. Akaniuliza, "Kwa hiyo hakuna aliyesema?" Nikamwambia, hakuna. "Tungeviweka tu ofisini kwako?" Nikamwambia, ndiyo. Akaketi chini, sakafuni, na mtoto wake mgongoni. Mpaka leo hajanisemesha, na sidhani kama atanisemesha tena.

Usijidanganye kwamba nimekutupia mzigo wote. Niliwaambia na langu. Ufa niliuona mimi, mkono wangu ulipita mle. Mume wangu aliniambia nisifunge hata mbuzi, nikafunga watoto. Uongo wako ulinikuta nina njaa ya vitabu, nikaumeza bila kutafuna, kwa sababu nilitaka uwe kweli. Ningeweza kupanda lori nije kuwauliza mwenyewe. Sikupanda. Hilo nitalijibu mahakamani mwezi ujao, na Fundi ameapa atakuja kila siku ya kesi.

Vitabu havimo tena mle chumbani. Wazazi wengine walitaka kuvichoma, wengine wakasema vitabu vimekosa nini. Mwisho wakavitoa wote pamoja, safari moja baada ya nyingine, wakavirundika kwangu, sebuleni. Darasa la kwanza limerudi kwenye saruji. Walipoingia walikaa wote upande wa mbele, wamebanana watano watano kwenye dawati la watu watatu. Hakuna aliyetaka dawati la nyuma, wala mwalimu wao hakuwalazimisha.

Mwenyekiti amechukua barua zako. Amesema watatuma watu huko wakulete. Sijui watakuja lini, wiki hii au ijayo, wala sikuandikii ili ukimbie.

Nakuandikia ili uwatangulie. Panda lori, shuka hapa kwa miguu yako, mchana, watu wakuone. Nenda kwanza kwa yule mama muuza nyanya. Sitakusindikiza, na sijui atakufanya nini. Ukitoka huko, kama utatoka, Fundi atakuonyesha kaburi. Amekubali hilo tu, kukuonyesha. Ukija ukiwa umeshikwa na polisi watakupitisha moja kwa moja mpaka kituoni na hutaliona, nami sitakuja kukuelekeza lilipo.

Hukuja kumzika. Njoo sasa.

Dada yako